Babu na Farasi wa Richmond Hill

Juzi niliona farasi wa polisi amesimama kwenye taa za barabarani, pua zake zikifuka mvuke, na harufu ya jasho na majani makavu ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni.

Babu, mchungaji mstaafu, alikuwa amekuja kutoka Moshi kukaa nasi huku ughaibuni, Etobicoke. Alizoea kunisomea habari za wahubiri wa kale waliozunguka kwa farasi. Mmoja wao aliandika kwamba farasi wake alianza kuchechemea njiani, akamwombea, akapona. Nilielewa kwamba kila mchungaji aliweza hivyo.

Alasiri hiyo baba alitupeleka kwenye tamasha la theluji katika mji wa jirani, Richmond Hill. Farasi aliyekuwa akikokota kigari cha theluji chenye watoto aliteleza kwenye barafu, na mguu wake ukavunjika kwa mlio wa tawi kavu. Mwenye farasi, mama mmoja wa Kizungu, alimkumbatia shingoni akilia.

Nilimvuta Babu mkono. "Babu, mwombee ainuke!"

"Mjukuu wangu, mguu huu umekwisha."

"Lakini wewe ni mchungaji!"

Babu alivua koti lake, akamfunika farasi, akapiga magoti kwenye theluji huku midomo yake ikichezacheza. Daktari wa mifugo alifika, akamchoma sindano ya kumpumzisha. Pumzi za farasi zikapungua, kisha zikakoma.

Watu walitawanyika. Babu alibaki palepale, macho ameyafumba, nami nikasimama kando yake nikisubiri, nikidhani bado hajamaliza kuomba.