Telefone Ambayo Haikupata Habari

Picha ya Papa niliifuta mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki, na nikajisifu kwamba nina akili.

Ulikuwa wakati wa uasi, barabara ya Rutshuru imejaa vizuizi. Nilikuwa ninakwenda kwa shangazi kuchukua maharage ya sherehe ya mahari ya mdogo wangu. Kabla ya kizuizi cha kwanza, abiria wote tulitoa telefone tukaanza kuzifagia, maana pale waasi walikuwa wanafungua picha moja moja, na mutu akionekana ana ndugu mwenye uniforme, atajieleza mpaka jua lizame. Papa alikuwa mlinzi wa mbuga kule Rumangabo. Kwenye picha amevaa uniforme yake ya kijani, anacheka, masikio nje. Nani angenisikiliza nikisema huyu alilinda sokwe tu? Nikafuta. Nikamwaga na pipa la takataka la telefone, wasije wakachungulia na humo. Nilijiambia hakuna shida, picha zangu zote zimehifadhiwa huko juu mtandaoni, nikirudi Goma nitazishusha.

Kizuizini hawakuigusa hata telefone yangu. Waliomba sigara, wakatuacha tupite.

Goma nikafungua huko juu: patupu. Fundi wa telefone wa mtaa wa Murara, muzee mmoja mwenye subira kuliko mimi, alinieleza kwamba ukifuta hapa, amri inapanda juu, halafu inashuka kwenye kila telefone yenye akaunti hiyo, nayo inafuta ya kwake. Na pipa likishamwagwa, basi. Niliwaandikia wenye kampuni inayohifadhi picha hizo kwa Kifaransa changu kizuri cha shule. Walijibu kwa heshima kwamba hakuna njia. Nililia pale pale kwenye meza ya fundi, kati ya betri kuukuu.

Munielewe. Picha zetu za karatasi zilibaki ndani ya nyumba siku volkano ilipoimeza. Mama alikimbia na mimba yake na sufuria moja. Mimba ile ndiyo mdogo wangu, na Papa alikuwa ameshafariki. Shangazi alikuwa na nakala moja, nikaipiga kwa telefone niliyokuwa nayo wakati ule, kisha vita vikapita kwake, kila kitu kikaporwa. Kwa hiyo mdogo wangu alimjua baba yake kwa picha ile tu. Nyumbani kwetu, siku ya mahari, kiti cha baba hakiachwi wazi, na yeye alitaka picha ikae pale. Zilibaki siku tatu.

Nikamwambia Mama, machozi yakinikata maneno. Yeye akaingiza mkono kwenye kitenge chake, akatoa telefone yangu ya zamani niliyompa, kioo kimepasuka, ambayo yeye aliifanya tochi ya kwendea chooni. Akauliza kama humu Papa naye hayuko.

Nilitaka kucheka. Akaunti si ile ile? Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kuwasha mtandao, nimwonyeshe kwamba ni patupu, ndipo maneno ya fundi yakanirudia: amri inashuka kwa mtandao. Na Mama, tangu nimpe, hajawahi kununua megas za mtandao hata siku moja, anasema zinaisha kama sabuni kwenye mvua. Ile telefone haikupata habari.

Nikaishika kama yai. Nikafungua picha bila kuwasha kitu kingine, na Papa huyo, anacheka, masikio nje. Nilipiga magoti kwa furaha, sioni haya kusema. Fundi aliitoa picha kwa waya, akatuchapia Papa wa karatasi, mkubwa.

Siku ya mahari alikaa kwenye kiti chake, na mdogo wangu alipita mbele yake mara tatu bila sababu. Baadaye nikamwomba Mama anirudishie ile telefone niitunze. Akaifunga kwenye ncha ya kitenge.

"Karatasi iliungua," akasema. "Wewe ulifuta. Huyu nitamubeba mimi."