Maji ya Uso wa Mama

Mtu anayejua hana kosa, kwa nini awape wanaomshutumu ushahidi kwa mikono yake mwenyewe? Mwaka wa 1970 sikuwa na jibu, na nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kairo nikiamini kila swali lina jibu lake.

Mapinduzi ya Unguja yalinikuta masomoni. Wazazi wangu walikimbilia Maskati, wakapata nyumba Sidab, kijiji kando ya mji, nami nikawafuata nchi hiyo ilipofungua milango mwaka ule. Jirani zetu walikuwa Waarabu ambao hawajapata kuvuka bahari. Kwao mama alikuwa Mzanzibari, na Mzanzibari, walisema, huja na mambo yake: ubani, majini, jicho la kudhuru.

Siku moja mke kijana wa jirani alituletea mtoto wake wa kwanza tumwone. Mama akambusu, akasema, "Kanona huyu, mashaallah." Kesho yake mtoto akashikwa na homa. Mama mkwe wa yule kijana akatangaza kisimani kuwa mashaallah ilikuja nyuma ya sifa badala ya mbele, na jicho likapita katikati. Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

Mama mkwe akaja na dada yake. Wakaketi mkekani, wakasifu halua, wakanywa kahawa. Kule anayeshukiwa jicho haambiwi. Huibiwa mabaki yake, mgonjwa akaogeshwa nayo. Nikamwona yule dada akizoa kokwa za tende alizotema mama, bado zinang'aa mate, akazifunga kwenye pindo la shela huku anamwuliza habari za mguu wake unaomwuma.

"Zirudishe," nikasema. "Uchafu gani huu?"

"Msomi wako anatutukana," mama mkwe akamwambia mama.

"Msimjali. Lakini mate yangu ya nini? Ngojeni."

Akaenda uani akaleta bakuli, akaosha uso, mikono na miguu, maji yote yakichuruzika humo. Kisha akamwombea mtoto shifaa, kwa sauti, mbele yao. Wakalichukua bila hata ahsante, wakilishika mbali na nguo zao kama lina ukoma.

"Mama, akipona watasema ndiwe uliyemdhuru."

"Watasema."

"Na akifa?"

"Watasema ndimi vilevile. Basi bora apone."

"Na jina lako?"

"Nna Mungu, mwanangu. Hawa nna ujirani nao tu."

Nililiona kuwa jibu la mtu aliyeshindwa. Walinichukiza wale wanawake, lakini utulivu wake ulinichukiza zaidi. Mungu gani, nilimwuliza, anayekuacha upakwe matope hivi? Akaniambia niondoe vikombe.

Mtoto akapona, na hukumu ikakamilika. Tangu hapo mama akipita, wanawake waliwafunika watoto wao. Harusini aliketishwa karibu na viatu. Ramadhani aliwapelekea jirani hao mkate wa kumimina, na sahani ikarudi tupu, haina hata tende moja.

"Wanawapa kuku," nikamwambia.

"Basi kuku wa watu wanafuturu vizuri," akasema, na kesho yake akapeleka tena.

Miaka mingi baada ya mama kufariki, yule mke kijana, sasa bibi mwenye wajukuu, alinieleza yaliyotokea. Homa ilikuwa imeanza kushuka alfajiri ya siku ile, kabla bakuli halijafika, naye hakuthubutu kusema. Yeye mwenyewe alikuwa amempa mtoto dawa ya hospitali kwa siri, na mama mkwe wake alikuwa ameapa kwamba atakayempa mjukuu wake dawa hiyo atarudishwa kwao bila mtoto. Wiki ile ile alikuja kwa mama akilia, akitaka kuwaambia watu ukweli. Mama ndiye aliyemkataza.