Mama Amekataa Nimbebe Mtoto Wangu

Jamani, leo mdomo wangu umeniponza.

Mama amefika Makongeni kutoka Busia kumwona mjukuu wake wa kwanza. Akaniuliza huko maabara nafanya kazi gani hasa.

Si nikajigamba!

"Tunalisha mwani, ule ukijani wa majini, hewa yenye mionzi. Unatutengenezea asidi amino zenye mionzi, wanasayansi wazifuatilie mwilini."

"Mionzi? Kama ile ya kuchoma saratani?"

"Eeh, mama."

Akamtazama mtoto aliyempakata.

Nikanyoosha mikono nimchukue mtoto. Akamvuta kifuani.

"Nawa kwanza."

"Mama, tunapimwa kabla ya kutoka!"

"Nawa."

Nikanawa. Bado akakataa, machozi yakimlengalenga.

Sasa yuko nyuma ya pazia na mtoto, anaomba polepole, akitaja jina langu.

Nilitaka tu anionee fahari.

Nyinyi mngemwambiaje?