Koti Kwenye Kiti cha Mpiga Picha

Ukitaka kuniita muongo, niite sasa tumalizane, halafu unyamaze unisikilize. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na viatu nimeviacha mlangoni kama mgeni mwenye adabu. Sikuwa nimekunywa kitu. Hata chai ilikuwa bado haijaletwa.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Nina kamera za kisasa, na kwa siku moja napiga picha nyingi kuliko zile ulizopigwa mtaa wetu mzima nilipokuwa mtoto. Lakini miaka yote roho yangu iling'ang'ania kamera moja tu: ile kubwa ya mbao, yenye miguu mitatu na mvukuto wa ngozi unaokunjuka kama kodiani, ambayo mpiga picha huingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi yakabaki nje makalio tu. Ilikuwa kwenye studio moja mtaani Shauri Moyo, na Krismasi bila kupita mbele yake haikuwa Krismasi.

Waliokulia mitaa yetu ya Eastlands wakati ule wananielewa. Nguo mpya kutoka soko la Gikomba zimepigwa pasi ya makaa, mafuta yamepakwa usoni, soksi zimevutwa hadi magotini. Familia nzima inapanga foleni nje ya studio na watoto wanaonywa wasikae chini. Ndani kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege, na wewe ambaye hujawahi kupanda hata lifti unapigwa picha kama mtu anayesafiri kesho. Jamani, tulikuwa wazuri kwenye picha zile. Nazikumbuka mpaka nasikia harufu ya mafuta.

Sasa, mama yangu hakuwa na picha hata moja. Nisikilize vizuri hapo. Alifariki nikiwa mdogo sana, na yote ninayoyajua nimesimuliwa na shangazi aliyenilea. Krismasi yake ya mwisho Mama alijishonea gauni la kijani lenye kola nyeupe. Kifungo kimoja kikapotea, akashonea cha kahawia kwa sababu maduka yalishafungwa. Akanibeba, tukapanga foleni, mvua ikaja, na mwanga ukaisha kabla ya zamu yetu. Mpiga picha akasema turudi siku nyingine. Mama hakuwahi kurudi. Gauni lile ninalo mpaka leo kwenye sanduku langu, Buruburu, lakini sura ya aliyelivaa sina. Watu wazima husema nimefanana naye, ila mimi nikijitazama kwenye kioo najiona mimi tu. Unajua inavyouma kumlilia mtu ambaye ukikutana naye barabarani hutamjua?

Basi miaka michache iliyopita nikasikia kwamba mpiga picha yule alishakufa, na binti yake, Mama Halima, anaishi Makadara na anauza kamera ya babake. Jumamosi alasiri nikawa mlangoni kwake.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Iko hapo tu sebuleni. Wajukuu wanaiitanga roboti."

Nilipofunua shuka lililoifunika, nilitaka kuikumbatia. Ilikuwa ileile, hata mkwaruzo wa ubavuni ulikuwepo. Mbele yake palikuwa na kiti cha mbao, na kwenye kiti kumetundikwa koti kuukuu la kijivu.

"Hilo ni la Baba," Mama Halima akanieleza. "Kiti kikiwa mbele ya hii kamera hakikai kitupu. Hata kule studio, mteja akitoka, kabla mwingine hajaingia, alikuwa anavua koti anaweka. Wewe angalia kamera yako, lakini hilo koti wachana nalo."

Akaenda jikoni kupika chai.

Sisi wapiga picha tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuona kitu kimekaa vibaya mbele ya lenzi tukakiacha. Koti lilikuwa limelala upande, mkono mmoja unaburuta sakafuni, na lilinichefua. Nikalitoa nikaliweka kwenye kochi. Wala sikufikiri mara mbili.

Kama hujawahi kuingia chini ya kitambaa kile, nikuambie kwamba ndani ni usiku. Mbele ya macho yako kuna kioo chenye ukungu, na kila kitu kinaonekana kichwa chini miguu juu, kwa sababu ndivyo lenzi inavyokileta. Kiti kilining'inia kutoka juu. Kochi, saa ya ukutani, vitambaa vya meza, vyote vilikuwa vimepinduka. Na chini yao kwenye kile kioo alisimama mwanamke, wima.

Niamini. Wima, kama tunavyosimama mimi na wewe. Kama kweli alikuwa mle chumbani, basi miguu yake ilikuwa imekanyaga dari.

Nikatoa kichwa. Kiti kitupu, dari tupu, sufuria zinagongana jikoni. Nikarudi chini ya kitambaa, na yeye bado yupo, anaiweka sawa kola yake kama mtu aliyeambiwa zamu yake imefika. Kola ilikuwa nyeupe na gauni la kijani. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cha kahawia. Uso sikuuona sawasawa, maana kioo kilikuwa na giza pembeni na macho yangu yalishajaa machozi.

Mama Halima akaingia na sinia ya chai. Akaliona koti pale kwenye kochi, akaweka sinia chini taratibu.

"Kuna mtu?" akauliza.

"Kuna mama mmoja. Amevaa gauni ya kijani."

"Ni wako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mpige saa hii. Hao ni wale hawakufikiwa na zamu. Ukishampiga ataenda, na hatarudi tena. Lakini usimwongeleshe, mwanangu. Baba alikuwa anauma ulimi kabisa. Hii kamera ni ya polepole, mtu akitikisika umempoteza."

Nilikuwa nimebeba karatasi moja ya picha ndani ya kasha lake lisilopitisha mwanga, ya kujaribia kamera kabla ya kuinunua. Hiyo moja tu. Ukishaingiza kasha nyuma ya kamera, kioo kinazibwa na huoni tena chochote. Unatoa kofia ya lenzi kwa mkono, unasimama kando, unaacha karatasi inywe mwanga polepole.

Nikaitoa kofia nikasimama nikitazama kiti kitupu. Nilijua yupo. Nilijua ametulia, amebana pumzi, kama tulivyofunzwa sote pale mbele ya maporomoko ya rangi. Nikaikumbuka ile mvua ambayo kwa kweli siikumbuki, nimesimuliwa tu. Na mimi huyuhuyu, ninayewafokea maharusi kila wiki wasitikisike, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mama," nikasema, "ni mimi."

Mama Halima akafumba macho. Nikairudisha kofia, nikatoa kasha, nikaingia chini ya kitambaa. Kiti kilining'inia peke yake.

Jioni hiyo niliisafisha ile picha bafuni kwangu, chini ya balbu nyekundu. Kiti kilikuja kwanza, kisha gauni, mkunjo kwa mkunjo. Viatu vikaja, na vidole vya mikono, na kifungo kilichoshonewa kwa uzi wa rangi nyingine. Sijawahi kupiga picha safi kama ile. Kuanzia shingoni kwenda juu palikuwa na ukungu tu. Alikuwa amegeuza kichwa. Alinisikia.

Nililia sana. Kisha nikampelekea shangazi. Akaigeuza mpaka Mama akasimama wima na kiti kikabaki kinaning'inia juu, akapapasa kile kifungo kwa kidole.

"Ni yeye," akasema. "Hata awe anafanya nini, ukilia tu alikuwa anageuka hivyo."

Kamera niliinunua pamoja na kiti na lile koti, iko sebuleni kwangu. Picha imetundikwa kando yake. Wageni huniambia nimeitundika kichwa chini, au husifu ufundi wangu wa kompyuta, nami nawaacha waamini wanavyotaka.

Kwa hivyo nawe, ukienda kununua kamera ya mtu wa zamani ukakuta koti kitini, liache lilivyo. Najua hutasikia, hasa kama kuna mtu unamtafuta. Basi shika angalau hili: akija, uma ulimi mpaka kofia irudi kwenye lenzi. Mimi kila Krismasi huvaa gauni lake la kijani, nikatoa koti kwenye kiti, nikaingia chini ya kitambaa na karatasi iko tayari. Nimeshajifunza kunyamaza. Kiti kinaning'inia tu.