Punda wa Nyuma ya Nyumba

Dominiki alifika Glenwood, mtaa wa mji wa ugenini kusini mwa Afrika, na mganda wa majani mabichi kwapani. Alikuwa ameyachagua mwenyewe, yale laini yanayoota penye kivuli, kwa kuwa tangu utoto wake Kondoa alijua kwamba punda mgeni hukuzoea kwanza kwa kile unachomlisha.

Aliyemtafutia mahali hapo ni Peguy, Mkongo aliyefanya kazi katika duka la simu mjini. "Papa Dominiki," alikuwa amemwambia, "mama mwenye nyumba anasema iko punda kule nyuma. Iko mzee, inakula sana, na asubuhi ina hasira. Ukiichunga muzuri, chumba cha nyuma ni chako."

Mama Clementina, mjane mwenye nyumba, aliyatazama majani yale akauliza ni ya nini. Peguy, aliyekuja naye, alipomweleza kwa Kiingereza, aliketi kwenye ngazi akacheka hadi akajifuta macho kwa aproni. Kisha akamshika Dominiki mkono, akampeleka uani. Pipa la chuma lilikuwa limelazwa juu ya meko ya matofali. Bomba moja la maji liliingia chini yake, jingine lilitoka juu kuelekea bafuni, na dohani fupi ilipinda kama shingo. Huyo ndiye aliyeitwa punda. Katika nchi hiyo, pipa la kuchemshia maji kwa kuni huitwa hivyo, na Peguy alikuwa ametafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu wote.

"Eish," alisema Peguy. "Na mimi nilikuwa najiuliza, inalala wapi?"

Dominiki hakucheka sana. Aliyatundika majani yake kwenye msumari chini ya ukingo wa paa, akainama kulitazama tumbo la meko. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa ameshampigia simu mkewe, Matilda, kumwambia kuwa amepata kazi ya kutunza punda, na Matilda alikuwa amefurahi mno.

Alianza vibaya. Alijaza kuni mpaka mlango ukakataa kufungwa, kisha akaubana hewa isipite, akidhani moto ukilala utadumu. Kuni zenyewe zilikuwa mbichi, za mikaratusi iliyokatwa juzi kandokando ya barabara. Zilifuka siku nzima. Maji yalitoka ya vuguvugu, na wanafunzi waliopanga vyumba vya mbele wakawa wanaoga huku wakipiga kelele.

"Papa Dominiki!" Félicité, msusi Mkongo aliyepanga chumba cha pembeni, alimwita kila asubuhi kutoka dirishani. "Punda yako inakohoa! Umuite daktari!"

"Mwache, dada. Ana mafua ya mjini."

Lakini jirani, Bibi Marie-Louise, hakuwa na utani. Moshi ulikuwa ukilala juu ya nguo zake alizoanika, na alikuwa ameshafika ukutani mara kadhaa kulalamika. Siku moja Mama Clementina alimwita Dominiki jikoni. Alizungumza polepole, Kiingereza chepesi, huku akizungusha kikombe cha chai mkononi. Bibi huyo akija tena, alisema, itabidi wang'oe pipa na kuweka la umeme. La umeme halihitaji mtu wa kulitunza. Hakutaja chumba. Hakukuwa na haja.

Dominiki alirudi uani akaketi mbele ya meko yaliyopoa. Chumba kile kilikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani, na dirisha alilokwisha kulizoea. Kabla yake alikuwa amelala kwenye sakafu za watu wengi, akiamka kabla yao ili asiwe njiani. Aliwaza juu ya punda wa baba yake. Hakuna aliyewahi kumpa punda yule chakula cha wiki nzima kwa mkupuo. Alipewa kidogo, kikavu, akitembea.

Basi akabadili. Kuni mbichi alizipasua nyembamba, akazipanga chini ya bati, na huku zikikauka akawa anakwenda Pinetown kuomba mabaki makavu ya mbao kwenye kiwanda cha samani. Akakomba majivu yaliyokuwa yameziba njia ya hewa. Pipa akalivika koti la matofali kuukuu na udongo, ili joto lisipotee hewani. Alfajiri aliwasha moto mdogo, mkali, mlango ukiwa wazi kidogo, akaulisha kipande baada ya kipande. Vya kuwashia vilipoisha, macho yake yalitua kwenye msumari. Majani ya siku ya kwanza yalikuwa yamekauka, mepesi kama nywele. Yakashika moto mara moja.

Baada ya wiki kadhaa, asubuhi moja Félicité akaja mbio, kilemba kikining'inia. "Papa, bibi ule iko kwa ukuta! Anamuita mama!"

Dominiki alisimama na kipande cha ubao mkononi. Alimwona Mama Clementina akivuka uani kwa slipa, alimwona Bibi Marie-Louise amenyoosha shingo juu ya ukuta, akisema kwa haraka Kifaransa wanachozungumza wao wawili, akielekeza kidole kwenye dohani. Félicité alisikiliza, halafu akaziba mdomo.

"Anasema nini?" Dominiki aliuliza.

"Anauliza kama punda imekufa. Siku nyingi haoni moshi. Anasema, pole."

Mama Clementina aliweka kiganja kwenye bomba la juu, akakirudisha upesi, akikipuliza. Kisha akamtazama Dominiki, na kwa Kiswahili alichokiokota kwa wapangaji wake akasema, "Iko mzima."

Jumapili Matilda alipiga simu. Aliuliza afya, akauliza baridi, halafu akauliza kama punda hajambo.

"Hajambo. Siku hizi hakohoi tena."

"Nikija utanipandisha mgongoni?"

Dominiki alitazama uani, ambako pipa lilikuwa limetulia ndani ya koti lake la udongo. Angemwambia ukweli, ndiyo, lakini siku atakayofika, ili wacheke pamoja.

"Utaoga kwanza," akasema.