Wiki Tatu za Kumfunza Punda

Mama alikuwa na kidonda cha sukari kwenye mguu wa kushoto, na nesi pale Kakuma aliniambia wazi: kisiposafishwa kliniki kila baada ya siku mbili, mguu utakatwa. Boma letu liko ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga mtupu. Bodaboda ilizama, toroli ikazama, na nilipombeba mgongoni mara nne tulianguka mara mbili. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikaamua kumfunza punda wetu abebe mtu.

Sasa, kwetu Turkana punda ni kazi ya wanawake. Punda hutangulia na mzigo, mwanamke anamswaga kwa nyuma na fimbo, basi. Dada yangu aliponiona nimeshika kamba alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanamume mzima, umeacha mbuzi unachumbia punda?"

Mwalimu wangu alikuwa mkimbizi mmoja kutoka Darfur, mzee aliyefuga farasi kwao kabla ya vita. Alinikataza kupanda. "Kwanza chini," alisema. Basi nikaanzia chini: nasimama mbele ya punda, navuta kamba kidogo, akisogea hatua moja nalegeza papo hapo. Nikisimama, asimame. Nikirudi nyuma, arudi. Baadaye nikawa namlalia mgongoni kwa tumbo, nashuka, namlalia tena. Fimbo, marufuku. Jioni nilimwosha mama kidonda kwa maji ya chumvi, na kilikuwa kimeanza kunuka. Siku zingine nililia kwa hasira, eti mguu wa mama unaoza na mimi bado nambembeleza mnyama. Nilipomwambia mzee tuharakishe, alinijibu kwamba punda hajui habari za mguu wa mama yangu. Nilitamani kumpiga ngumi.

Wiki ya tatu nilimpanda mwenyewe, nikavuka laga kwenda na kurudi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kesho yake asubuhi nikampandisha mama, nikashika kamba, tukashuka mchangani.

Katikati ya laga nilisimama ning'oe mwiba uliopenya kiatu changu cha akala. Punda akasimama, vile nilivyomfunza. Lakini mama ameswaga punda tangu usichana wake, na kwake punda aliyesimama ni mvivu tu. Akatoa ule mlio wa wanawake wa kwetu wa kuswagia punda, akamchapa kiganja nyuma. Mimi mbele nasema simama, mama juu anasema twende. Punda alichanganyikiwa, akarudi nyuma, akajizungusha kwa nguvu. Mama alianguka, akaangukia mguu ule ule wenye kidonda.

Kosa lilikuwa langu. Wiki tatu nzima nilimfunza punda, na mama sikumwambia hata neno moja, kwa sababu mtoto wa kiume hamfundishi mamake mambo ya punda. Niliona haya. Haya hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Mguu ulikatwa hospitalini Lodwar, juu ya goti. Alipopata nguvu ya kuongea, wanawake wa vitanda vya jirani walimuuliza ilikuwaje. Nilikuwa hapo kando yake, namnywesha uji.

"Punda alikuwa mjinga," akawaambia. "Huyu mwanangu alifanya yote."

Wakanitazama kwa huruma, mmoja akaniombea baraka. Nikaitikia amina. Sikuwa na ujasiri wa kumtetea punda.