Bomba la Bwana Mkubwa

Juzi nilimwona fundi akiunga bomba la shaba kwa lehemu. Harufu ya utomvu aliopaka ili lehemu ishike, ukiungua, ikanirudisha utotoni, kwenye nyumba ya Mjerumani mmoja aliyetutawala pale Dodoma. Mama na wenzake walimchotea maji visimani, wakapanda ngazi na kuyamimina katika tangi lake. Mchana mmoja kiungo cha bomba la bafuni kilivuja, na Mjerumani, ambaye sisi sote alituita washenzi, akaamua kukilehemu mwenyewe. Nilipoona lehemu ikiyeyuka na kung'aa, nilidhani anamwaga fedha, nikamstaajabia. Leo najua bomba lenye maji halishiki lehemu. Bwana yule hata kulikausha hakulikausha.

Akaingia kuoga akipiga mluzi. Tukasikia kiungo kikifyatuka, maji yakamwagika sakafuni mpaka tangi likawa tupu. Akatoka na taulo kiunoni, povu masikioni, kiboko mkononi.

"Maji!" akabweka.

"Yamo ndani, Bwana Mkubwa," Mama akajibu bila kuinamisha kichwa. "Umeyakanyaga."

Nikafumba macho kwa hofu. Nilipoyafumbua, kiboko kilikuwa chini. Taulo lilikuwa limeanza kuteleza, na mtawala wetu alikuwa amelishika kwa mikono miwili.